Mvua Juu ya Karavani

Jumamosi nilikwenda kutafuta gari kwa muuza magari yaliyotumika hapa Sib, Omani. Bibi mmoja mzaliwa wa Unguja aliingia ndani ya karavani kuukuu, kijumba cha kuvutwa na gari. Mwanawe alikuwa keshachagua gari la kulivuta hadi Salala, msimu wa mvua. Pesa zake zingetosha kwa taabu.

"Mama, usilisifie, bei itapanda," alimnong'oneza.

Bibi akagonga paa. "Nnataka nilale nisikie mvua, kama kwetu. Humu itasikika?"

Muuzaji akachukua mpira wa kuoshea magari, akarusha maji juu ya paa. Bibi akafumba macho. Sote tukasikiliza.

"Zuri mno, mwanangu!"

Mwanawe akajishika kichwa. Muuzaji akacheka, akapunguza bei.

Niliporudi nyumbani mikono mitupu, watoto wakaniuliza, gari letu liko wapi? Nikawaambia nimesikia mvua.