Sauti ya Somoe kwenye simu yangu

Jamani, leo nimemnyamazisha mtoto kwa simu yangu mwenyewe.

Nimepanda kichuguu kutafuta mtandao niwaambie, maana huku Kilimarondo kwenye mazoezi ya ualimu sina wa kumwambia.

Mnakumbuka nilivyokuwa nawaringia kwamba simu nayo ni zana ya kufundishia? Basi leo nikawarekodi darasa la nne wakisoma, mmoja mmoja, kisha nikawasikilizisha.

Ikafika zamu ya Somoe.

Huyu ndiye msomaji wangu bora. Kila alfajiri huanzia shambani kwao, anafukuza nyani kwa kupiga kelele, ndipo aje shule. Na kusoma anasoma vilevile, utadhani nyani wako dirishani. Mimi nilikuwa naipenda sauti ile.

Kwenye simu ikatoka kali, inakwaruza.

Mwenzake akasema, "Anafukuza nyani huyo!" Darasa zima likaangua kicheko.

Na mimi nikacheka. Ndiyo, mimi, mwalimu mtarajiwa.

Somoe akaniuliza, "Mwalimu, ndo mimi huyo?"

Nikamwambia ndiyo.

Hakunyoosha kidole tena mpaka kengele.

Nyie mnaosomea ualimu, msinipe pole. Niambieni kesho nimwambie nini.

Kwa sababu jioni hii nimepita kwao kumwomba radhi, nikakuta nyani wameingia kwenye mahindi. Somoe alikuwa palepale shambani, anawafukuza.

Alikuwa anagonga dumu kwa fimbo, mdomo kaufunga.