Maswali Sitini na Tatu ya Wifi Gulnar

Mimi nafanya kazi kwa dobi, kwenye plaza moja hapa Scarborough, na kabla nguo haijaingia mashinini lazima nipekue mifuko. Miaka kumi na miwili ya kupekua mifuko ya watu haikuachi ulivyokuwa. Nimeona risiti ya hoteli ya hapahapa mjini kwenye suti ya bwana aliyemwambia mkewe anakwenda Montreal kuzika. Kwa hiyo watu wakisema, "Razia, wewe humwamini mtu," huwa sikatai. Nawauliza tu kama nao wamewahi kupekua.

Wifi yangu Gulnar, mke wa kaka yangu Alnasir, hakufanana na mimi hata kidogo. Ukimwambia mvua inanyesha, anachukua mwavuli bila kuchungulia dirishani. Tabora alikuwa mwalimu wa historia, miaka tisa, darasa la sita na la saba. Walipohamia Toronto mwaka 1986, cheti chake cha ualimu kikatazamwa, kikasifiwa mwandiko wake, kikarudishwa. Akaenda kupika kwenye nyumba ya wazee, uji na viazi vya kuponda, na sikumsikia akilalamika. Hilo nalo lilinitia wasiwasi, maana mtu asiyelalamika ana lake.

Kumbe kweli alikuwa nalo. Kwa miaka sita alikuwa akisoma kwa posta, chuo kimoja cha Marekani, somo mojamoja, na hakumwambia mtu isipokuwa Alnasir. Tunakaa jengo moja, wao ghorofa ya tisa, mimi ya nne, kila Jumapili nala kwao, na sikujua. Nilijua Januari 1994, siku aliyoweka kijitabu mezani kando ya bakuli la kachumbari akasema amebakiza krediti tatu tu apate shahada. Shule moja ya kufundisha wageni Kiingereza, kule North York, ilikuwa inamtaka. Mkuu wa shule alimwona akijitolea pale kila Jumamosi, akamwahidi kazi ya kudumu mradi alete karatasi ya kumaliza shahada kabla Agosti haijaisha.

"Na hizo krediti tatu unazipataje?" nikauliza.

"Nafanya mtihani, wifi. Asubuhi moja tu. Ukifaulu wanakuhesabia kama uliyesoma muhula mzima."

Sikuweza kuendelea kula. Chuo kisicho na darasa, na sasa somo lisilo na mwalimu? Kwetu mtu akikwambia utapata elimu kwa asubuhi moja, unashika pochi yako vizuri. Nikakichukua kile kijitabu nikasoma kila penye habari za malipo na marejesho, hasa maandishi madogo, nikimtafuta mwizi alipojificha. Sikumwona. Nikasema basi huyu ni mwizi hodari.

Orodha ya mitihani ilikuwa ndefu: hesabu, biolojia, saikolojia. Gulnar akachagua historia ya Marekani. Nayo ilikuwa mitihani miwili, na yeye alihitaji mmoja tu. Wa kwanza ulianzia kwa walowezi mpaka baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wa pili ulitoka hapo mpaka leo. Nilimshauri achukue wa pili, kwa sababu mambo ya leo angalau tunayaona kwenye televisheni. Alnasir naye akasema wa pili. Gulnar akachukua wa kwanza.

"Utumwa wa upande wetu nimeufundisha miaka tisa," alisema. "Wa bahari ile nyingine nilikuwa naugusa aya mbili, kengele inalia. Nataka kuusoma mpaka mwisho."

"Tuko Kanada, wifi."

"Chuo kiko Marekani. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

Alinikomesha kwa methali, kama walimu wanavyofanya. Akaazima vitabu vitatu maktaba, akakata maboksi ya konfleksi yakawa kadi, swali upande huu, jibu upande ule. Alisoma ndani ya basi la Lawrence, akasoma akikoroga masufuria ya wazee. Jumapili mimi ndiye nilikuwa namuuliza maswali, nikashiba historia bila kupenda. Nilijifunza kwamba watu wale walikasirikia ushuru wakaimwaga chai baharini, makasha kwa makasha. Nikasema watu wanaomwaga chai nisingewaachia mlango wazi. Baadaye walinunua kwa Wafaransa nchi pana ambayo hata wauzaji hawakujua mpaka wake wa nyuma. Gulnar alicheka mpaka akafuta machozi nilipomwambia kwamba hata kiwanja cha Tabora hakinunuliwi hivyo.

Jumapili nyingine alikuja pia Pulchérie, mwenzake wa jikoni kule kwa wazee. Alikuwa Mrundi, mwalimu wa shule ya msingi huko Bujumbura, na yeye cheti chake kilikuwa kimerudishwa. Alifika kutoka kanisani na kitenge chake, akakaa kimya, akaandika kila neno kwenye kidaftari. Mimi nikawa namtazama kwa pembe ya jicho. Mtu anayeandika kila kitu anamwandikia nani?

"Mama Razia, weye hupumuzikake," aliniambia siku moja kwa Kiswahili chao, akitabasamu. "Unachunga sisi kama polisi."

Nikageuza kadi nyingine. Niliona ameanza kunisoma, na jambo hilo silipendi.

Mtihani ulifanyika Jumamosi moja ya Mei, katikati ya mji. Gulnar alirudi saa nane mchana, hata koti hakuvua, akavuta daftari akaanza kuandika. Mpaka wakati wa kwenda kusali jamatkhana alikuwa amejaza kurasa tisa. Maswali sitini na tatu, kila moja na majibu yake ya kuchagua, yote yametoka kichwani.

Asiyesoma kwetu anaweza kushangaa. Sisi tuliosoma Tabora tunaijua kazi hiyo. Ukitoka chumba cha mtihani unapitia kwa mwalimu, unamtajia yote unayoyakumbuka, na mwenzako anaongeza yake. Mwalimu anayaweka kwenye faili kwa ajili ya watoto wa mwakani. Faili hilo ndilo mali ya shule. Mwalimu asiye nalo aliitwa mvivu, na wazazi walimhamisha mtoto. Hakuna aliyeuita wizi, na sidhani neno hilo lilipita hata karibu na kichwa cha wifi yangu.

"Pulchérie naye anaufanya mtihani huu Oktoba," alisema. "Asiingie gizani. Nitolee kopi hapo plaza, wifi."

Nikatoa mbili. Moja nikampa Pulchérie, moja nikabaki nayo. Ukiniuliza kwa nini, sina jibu la heshima. Nimezoea kubaki na kitu.

Wiki nne zikapita, matokeo hayaji. Gulnar alikuwa anashuka kwenye masanduku ya barua mara mbili kwa siku, anapanda mikono mitupu, anasema posta imechelewa. Mimi nikajisemea posta gani, hawa wamekwisha kula. Nilimhurumia na nilikuwa na hasira, na vyote viwili viliniambia nifanye jambo. Basi Jumanne moja ya Juni, saa nne asubuhi, duka halina mtu, nikapiga ile namba ya nyuma ya kijitabu.

Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole. Upole wenyewe nikautilia shaka. Nikamwambia nataka kuhakikisha kama ni ofisi kweli au ni watu wamekaa chumbani na simu. Akasema ni ofisi kweli. Nikamwambia vizuri, ninayo maswali yenu hapa mkononi, nitakusomea, nawe uniambie kama ni ya mtihani wenu wa Mei au mlimwokotezea wifi yangu mahali. Nikamsomea swali la kwanza. Nikasikia anavuta karatasi. Nikamsomea la pili na la tatu.

"Tafadhali endelea," akasema.

Nikaendelea kurasa zote tisa, nimesimama katikati ya makoti ya watu, nimejaa fahari. Nilidhani nimembana. Mwisho akauliza, kwa adabu ileile, jina la mtahiniwa. Nikampa, nikamtajia herufi mojamoja asikosee. Nikamwambia na undugu wetu, kwamba mimi ni wifi mtu, ajue Gulnar ana watu nyuma yake. Nilipokata simu nilikuwa mwepesi. Ofisi ilikuwa ya kweli, na niliamini mimi ndiye niliyeithibitisha.

Barua ilifika Julai. Alnasir alinisomea ukurasa wa kwanza. Alama za Gulnar zilikuwa za kufaulu, tena za juu, na zimefutwa. Kabla ya mtihani alitia sahihi kwamba hatatoa maswali nje kwa njia yoyote, na ofisi imepata ushahidi kuwa ameyatoa. Haruhusiwi kurudia mpaka mwaka upite.

"Nilielewa tusitoke na karatasi," Gulnar alisema. "Mimi sikutoka na karatasi."

Mkuu wa shule ya North York alisikitika naye kwenye simu, akasema kiti hakiwezi kukaa mwaka mzima bila mtu.

 Ningesema palepale. Neno lilikuwa mdomoni, na nilipofungua mdomo likatoka jingine. "Kopi tulimpa nani?" niliuliza. "Kikulacho ki nguoni mwako, wifi. Yule na kidaftari chake, na wale wa kanisani kwake, unajua aliwapa nani?" Alnasir akaitikia kwa kichwa akasema inawezekana. Gulnar aliikunja barua akairudisha kwenye bahasha. Niliona aibu wakati nasema, na bado nilimaliza sentensi.

Jumapili iliyofuata Pulchérie hakuja, nami nikarudia maneno yaleyale, safari hii kwa utulivu zaidi, kama shahidi. Jumapili ya tatu nikarudia tena. Alnasir alikuwa ameshuka kuweka gari vizuri. Gulnar alikuwa anaosha vyombo, mimi nafuta.

"Barua ina ukurasa wa pili," alisema bila kugeuka. "Kaka yako hakuusoma, Kiingereza chake kilimchosha. Pale wameandika kwamba simu ilipigwa Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, na mwanamke aliyesema ni wifi yangu. Mimi nina wifi mmoja."

Sahani ilikuwa mkononi mwangu na sikujua pa kuiweka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku barua ilipofika."

"Mbona ukanyamaza?"

"Kosa la maswali ni langu, sahihi niliweka mimi. Ile simu nilikusamehe palepale. Nakujua ulivyo, uliogopa nisiibiwe." Akafunga bomba. "Nilikuwa nangoja jambo moja. Nilitaka kuona kama utamwachia Pulchérie aubebe mzigo huu. Jumanne ile saa nne alikuwa amesimama kando yangu, tunamenya viazi."

Nikasema nisamehe, nikasema mara mbili, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtu anayejitetea dukani. Yeye akachukua ile sahani mkononi mwangu, akaifuta mwenyewe, akaipanga na zenzake.

"Jumapili ijayo Pulchérie anakuja, tunaanza upya zile kadi," alisema. "Wewe, wifi, kaa kwako kidogo. Nitakuita."

Sasa ni Novemba, hajaniita.