Filimbi ya Adalbert

Mwaka ule wa hamsini na moja, hapakuwa na mtu katika cité, mtaa wa Waafrika wa Élisabethville, aliyeijua dunia kama Adalbert, mashinisti aliyeendesha gari la moshi. Angalau yeye mwenyewe alisema hivyo, na glasi mkononi. Kumbe ukimshusha kutoka kwenye mashine yake alikuwa hajui hata kijito kimoja.

Njiani kwenda Kasumbalesa kulikuwa na kituo kidogo, kibao tu na banda la bati. Kila alipokikaribia, Adalbert alivuta kamba ya filimbi, na watu wakatoka mbio mashambani hadi kando ya reli. Aliwapungia kofia, akapita bila kusimama.

"Kule wananipenda," aliwaambia majirani.

Likizo ilipofika, mkewe Delphine alimwambia:

"Baba Laurentine, miaka kumi na moja unapitaka pa mulango ya bantu, haujaingia hata siku moja. Safari hii tuende na miguu."

Alinung'unika, lakini alikwenda. Siku ya kwanza alitazama saa yake kila mara. Siku ya pili aliitia ndani ya furushi, akaisahau. Kilima alichozoea kukimaliza kwa dakika tatu kiliwachukua asubuhi nzima, maana kilikuwa na chemchemi, uyoga wa kuchuma, na watu wasioruhusu mgeni apite kabla ya kunywa munkoyo, kinywaji chao cha mahindi, na kueleza kwao ni wapi. Adalbert alifurahi hata akajishangaa. Jioni alikuwa anamenya karanga na wenyeji, anacheka nao.

Siku ya nne walifika kwenye kituo kile. Mjane mmoja, Mama Chola, aliwapokea nyumbani kwake, na kesho yake wakalima pamoja. Gari la moshi la mashinisti mwingine likapita kimya. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Mama, leo hamkimbii?" Adalbert aliuliza, akitabasamu. Alikuwa anangoja asifiwe.

"Ile haikulia, baba. Hapa treni ikilia, njo iko na muntu wa kushuka. Benzetu banakimbiaka kumubebea mizigo. Miye minabebaka mayi mu beseni. Mutoto yangu Kapya alienda kazi ku mine ya shaba, miaka tisa sasa. Akishuka, anawe kwanza na mayi ya kwabo." Akakung'uta udongo kwenye jembe. "Iko mashinisti moja analizaka filimbi, lakini hasimame. Pengine anasahau. Siku moja atakumbuka."

Delphine alimtazama mumewe. Adalbert aliinamia tuta, uso unamwaka kwa aibu. Miaka tisa alikuwa anampungia kofia mama huyu na beseni lake.

"Umwambie," Delphine alimnong'oneza jioni ile.

Alifumbua kinywa mara tatu, mara tatu akaomba chumvi. Asubuhi ya kuondoka, Mama Chola alimletea beseni.

"Nawa, baba. Njia iko murefu."

Akanawa kwa maji ya Kapya, akasema aksanti, basi. Njia nzima ya kurudi alijichukia.

Aliporudi kazini hakuigusa tena ile kamba pale kituoni. Alijiambia kwamba hiyo yatosha. Hata hivyo, kila alipopita alimwona Mama Chola ameketi peke yake kando ya reli, beseni mapajani, na aliporudi alasiri alimkuta pale pale.

Mwezi ukaisha. Mwanamke wa kijiji kile, aliyekuja mjini kuuza uyoga, alipita kwa Adalbert na Delphine kuwasalimu.

"Mama Chola halime tena," alisema. "Anasema filimbi ya ule mashinisti ilikufa. Sasa anaikala pa reli tangu asubuhi, Kapya asishuke akakosa mayi. Na wewe baba anakusalimia. Anasema uko muntu muzuri."

Adalbert alifunika uso kwa viganja. Delphine alikwenda chumbani, akamletea viatu vyake vya safari ya miguu.