Besi ya Kuposea

Mjukuu wangu, ipo siku moja nikiikumbuka mbavu zinaniuma: siku babu yako Ambakisye alipokuja kwetu Ileje kuniposa.

Kwaya yetu ilikuwa imeletewa neno jipya la Kiingereza, besi. Mwalimu alitueleza kwamba ni sauti nzito ya chini inayobeba wimbo. Ukiiondoa, wimbo unapwaya. Siku hizi nyinyi vijana wa Tunduma mnaita besi hata dundo la spika linalotetemesha vioo. Lakini wavulana wetu walilielewa kivyao: mwenye besi ndiye mwanamume. Basi Ambakisye, aliyejaliwa sauti nyembamba kama filimbi, akaamua kuja kuposa kwa besi.

Nami nilimtaka, sifichi. Nilikuwa jikoni, sikio ukutani, namwomba Mungu ili baba yangu asimkatae. Mshenga alisema vizuri tu. Ikaja zamu ya kijana kusalimia. Lo! Ikatoka ngurumo ya tumboni. Baba akamuuliza mshenga kama kijana anaumwa kifua. Kijana akaulizwa ukoo wake, akanguruma tena. Baba akanuna, akasema hawezi kumpa binti yake mtu wa kuuguaugua.

Mara ng'ombe wetu akakata kamba, akavuka bonde, akaingia kwenye maharage ya jirani. Kwetu milimani jirani hafuatwi. Unasimama ukingoni unamwita. Baba sauti ilikuwa imemkauka kwa mafua, akamwambia kijana aite. Akaita kwa besi. Ikaishia miguuni pake, na ng'ombe anakula tu. Ndipo Ambakisye akasahau posa, akapaza sauti yake mwenyewe. Bonde zima likageuka, jirani akatoka na fimbo.

Baba alicheka hadi akakaa chini.

"Kumbe unayo sauti," akamwambia. "Mbona ulimleta mtu mwingine kumposa mwanangu? Rudi ndani, uanze upya wewe."

Sasa wewe, nimekusikia simuni na yule binti wa Mkwajuni, umeishusha sauti mpaka nikadhani una homa. Acha, mwanangu. Besi ni nzuri, na aliyejaliwa aitoe. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwambie kwa sauti uliyozaliwa nayo, maana ndiyo atakayoisikia ukiwa na njaa, ukiwa na hasira, na ukishakuwa mzee asiye na meno. Akikukataa kwayo, heri akukatae mapema.

Nenda, Mungu akufungulie koo lako, na mlango wa wakwe zako.