Magitaa Matatu ya Fundi Ngwali

Enzi zile mtaani Tibirinzi, ukisikia gitaa linalia baada ya alasiri, ujue fundi Ngwali Khatib keshafunga cherehani yake. Alikuwa mshonaji wa kanzu, na tuseme kweli, kanzu zake mara nyingi zilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe. Watu walimvumilia kwa sababu ya gitaa.

Walikuwa watatu: Ngwali, Kificho na Safari. Kificho alipiga nyuzi nene, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Safari ndiye aliyejibu, na kila akijibu alichelewa kidogo. Ngwali alimkaripia kwa hilo miaka sita mizima, mara nyingine mbele ya watu. "Weye Safari, huna saa kichwani?" Safari akicheka tu. Mwimbaji wao alikuwa Bi Moza, na jioni zile zilikuwa tamu, wallahi, hata wenye kununa walinuna kwa adabu.

Msimu wa karafuu wa mwaka hamsini na tisa, Safari alianguka mkarafuuni huko Shumba, akafa siku ya pili yake. Kificho akaenda Tanga kutafuta kazi. Ngwali akabaki peke yake, na gitaa moja katika nyimbo za watu watatu lilikuwa uji usiotiwa chumvi. Bi Moza akaacha kuimba.

Mwaka sitini na moja mumewe Bi Moza aliandika kutoka Mombasa: amfuate, na meli ni ya Ijumaa. Bwana yule hakutaka mkewe aimbe mbele za watu. Jumatano Bi Moza akaja kwa Ngwali, akakaa barazani.

"Kaka Ngwali, n'kifika kule siimbi tena. Wimbo wetu nnautaka niende nao. Lakini na magitaa yake matatu. La moja silitaki."

Ngwali akaenda kwa Mwalimu Abrahman, aliyekuwa na mashine ya kunasia sauti, na ya pili wakaazima kwa mwenye duka la vitambaa. Mwalimu akamweleza: piga gitaa la kwanza, mashine hii ilinase. Kisha lifungulie, upige la pili juu yake, na mashine ile iyanase yote mawili. Hivyo ntu mmoja huwa watatu.

Alhamisi asubuhi walitundika majamvi ya kuanikia karafuu kwenye kuta za chumba kwa Ngwali, yameze mwangwi. Walifanya mchana makusudi, maana taa za mji zikiwashwa umeme hulegea, utepe ukajikokota, na magitaa yakagombana. Ngwali alipiga la kwanza, akapiga la pili, safi kabisa, kila uzi mahali pake. Wakasikiliza. Kazija, mkewe, akatokeza kichwa kutoka jikoni.

"Huyo ni weye na weye tena," akasema. "Wenzio hawakuwa wakipiga hivyo."

Ilikuwa kweli. Sauti zililaliana, likawa gitaa moja lenye kelele.

Akaanza upya, apige kama wenziwe. Sehemu ya Kificho haikumsumbua. Kazi ilikuwa kwa Safari, kuchelewa kwa kukusudia, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kuwahi. Alikosea mara nne. Mara ya tano akafumba macho, akamkumbuka Safari alivyoinamisha bega, na jibu likaja likiwa limechelewa vilevile. Chumba kizima kikajaa. Ngwali akaona uchungu mkubwa. Miaka sita alimkaripia mtu kwa kitu kile kile kilichokuwa kikiujaza wimbo, na sasa hana wa kumwomba radhi.

Ijumaa Bi Moza alikuja amekwisha vaa buibui, gari la kwenda bandarini Wesha linamngoja nje. Utepe wa magitaa mawili ukafunguliwa. Ngwali angepiga lake papo hapo, Bi Moza aimbe, na mashine ya kwanza inase vyote. Nafasi ilikuwa moja tu.

Bi Moza akaimba. Alipofika pa Safari akamngoja kidogo, bila kuambiwa na mtu, kama alivyokuwa akimngoja zamani. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Katika ubeti wa mwisho Ngwali alishindwa. Aliweka kiganja juu ya nyuzi, akalia kimya kimya ili mashine isimnase. Bi Moza alimwona, akaendelea mpaka mwisho. Honi ya gari ikalia, na hapakuwa na wakati wa kurudia. Akauchukua utepe wake, akaenda zake.

Baadaye Wapemba wenziwe Bi Moza waliofika nyumbani kwake Mombasa waliusikia, wakarudi na habari dukani kwa Ngwali: wimbo mzuri, lakini ubeti wa mwisho gitaa moja linapotea. "Masikini Safari," wakasema, "hapo ndipo anapokatika."

Ngwali aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Hakumwambia mtu kwamba Safari alipiga mpaka mwisho, na kwamba aliyenyamaza ni yeye.