Mtama wa Mwisho wa Uwanja

Harufu ya mtama ulioshinda juani hunirudisha kwenye uwanja wetu wa ndege, ukanda wa udongo mwekundu juu ya mlima huko Iramba, ambako upepo wa Juni hukata masikio. Ndege ndogo ilikuja mara chache, ikimleta daktari. Siku nyingine uwanja ulikuwa wa mbuzi, na wa bibi yangu mzaa baba, ambaye hakuona sababu ya ardhi ngumu na safi namna ile kukaa bure. Alianika mavuno yake upande wa mwisho, mahali ambapo, kwa maelezo yake, ndege haijawahi kufika. Mimi, msichana wa miaka tisa, niliugeuza mtama kwa nyayo. Viatu vilikuwa mwiko. Chakula hakikanyagwi na viatu.

Msimu huo mama alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Ndege ikaja kumpeleka hospitali ya mjini. Alipokwisha kulazwa ndani, mlinzi wa uwanja alitujia mbio. Pamoja na haraka yake alimwamkia bibi kwanza, kisha akaeleza: huku juu hewa ni nyepesi, jua limekuwa kali, na ndege iliyobeba mgonjwa inahitaji uwanja wote. Magunia yalikuwa nyumbani, na mtama ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka. Mlinzi akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

"Vaa viatu, mwanangu," bibi alimwambia. "Leo hiki si chakula."

Akashika ufagio, akawa wa kwanza kuusukumia mtama majanini. Nilifagia nikilia, sijui kwa ajili ya mama au ya mtama. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mgeni yule alipita juu ya vichwa vyetu na kutuachia vumbi. Tulichookota hakikujaza debe. Mbuzi walinenepa mwaka ule, sisi tukala vya majirani, na mama akarudi na mdogo wangu mgongoni.

Siku hizi gari la wagonjwa linafika kijijini na uwanja una uzio. Ni afadhali, nakiri, ingawa sijaona tena mahali pazuri vile pa kuanikia. Mwaka jana mama aliniomba nimwonyeshe ulipokuwa mtama, maana siku ile hakuona kitu. Tulipofika alivua kandambili. Mlinzi kijana aliyetufungulia lango akamwonya kwamba pana miiba.

"Najua, baba," mama alisema, akaendelea kutembea peku.