Nilimshikia Kamba Mpima Viwanja

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai naiacha ipoe. Barua ya posa ilikuwa mezani kwetu Chumbageni, imefungwa kwenye leso, na posa yenyewe si yangu. Ni ya Zuhura, binti wa mama yangu mdogo, niliyelelewa naye nyumba moja. Mkubwa ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na wivu umenikaba mpaka nausikia uchungu mdomoni.

Mposaji alikuwa daktari, au ndivyo alivyojiita. Koti jeupe halimtoki mwilini, hata akienda dukani kununua vocha. Mama zetu walimngoja barazani awapime presha, wakamkatia halua. Nami siku ya kwanza nilipomchungulia dirishani, nilimjua. Mwaka mmoja nyuma alikuwa Pongwe kwa shangazi yangu, mpima viwanja, kofia ngumu kichwani, na mimi ndiye niliyemshikia kamba ya kupimia siku tatu. Aliniambia mikono yangu imetulia. Wee! Kwa maneno hayo nikamngoja mwaka mzima. Sasa amekuja kumposa mdogo wangu, ananipita ukumbini wala hanikumbuki.

Basi kwetu posa haijibiwi papo kwa papo. Watu wa nyumba huketi, kila mmoja akaulizwa analolijua juu ya mtu huyo. Baba mkubwa aliuliza mmoja mmoja, hata akafika kwangu.

"Na wewe, mwanangu, una neno?"

Nilikuwa nalo, tena limefika kwenye meno. Nikamtazama Zuhura, ameinamisha kichwa, anatabasamu peke yake. Nikasema moyoni, na aolewe naye, aone.

"Sina neno, baba."

Zuhura akaozwa. Nilipiga vigelegele kumshinda mama yake mzazi. Wazee husema hasidi hana sababu; mimi nilikuwa nayo, na haikunifaa kitu. Miezi minne haikutimu, askari wakamkamata mumewe Usagara, akichoma watu sindano kwa vyeti vya kughushi. Ikajulikana ana mke mji mwingine, na huko anajiita mwalimu. Zuhura alikuwa na mimba.

Shangazi wa Pongwe, ambaye wakati wa harusi alikuwa mgonjwa, akaja kutupa pole. Alipoonyeshwa picha ya harusi akaishika karibu na macho.

"Huyu si yule mpima viwanja?" Akanigeukia. "Si wewe uliyemshikia kamba?"

Zuhura hakulia. Alinitazama, kisha akasema taratibu, "Yule ni mtu baki, dada. Na wewe?"

Nikaichukua picha mkononi mwa shangazi, nikailaza kifudifudi mezani.

Mwanangu, tapeli ana makoti mengi, lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, kwa kunyamaza. Ukiulizwa unalolijua, liseme. Wakikuambia una wivu, kubali. Sema ndiyo, ninao, na mtu huyu ni mwongo. Wivu ukisema kweli aibu yake hupita; ukinyamaza, utaishi nao.

Zuhura anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Mwanawe hunipa shikamoo kila asubuhi. Mama yake hunipa hujambo tu. Shikamoo yangu aliizuia siku ile, na simdai.

Mungu akupe ulimi usiochelewa, mwanangu, na akukunjulie moyo, furaha ya nduguyo isikuume. Amina.